Kupima kumbukumbu tendaji ya kuona na umakini kwa modeli za hisabati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina mbili. Kuna waliokaa mbele ya skrini nusu saa nzima wakitazama vimraba vya rangi vikiwaka na kuzimika, kisha wakaambiwa "K yako ni 2.8" bila maelezo mengine. Na kuna wanafunzi wanaoandaa jaribio lao la kwanza, wakakuta fomula mbili zinazofanana kama pacha lakini zisizotoa jibu moja. Majibu nimeyachanganya makusudi, kwa sababu maswali ya kundi la kwanza mara nyingi ndiyo magumu zaidi.

Kumbukumbu tendaji ya kuona ni kitu gani?

Dereva anatupia jicho kioo cha pembeni, anaona pikipiki, anarudisha macho mbele. Kwa sekunde chache pikipiki haionekani, lakini bado anajua iko upande gani na inakuja kwa kasi kiasi gani. Kinachomshikia habari hiyo ndicho kumbukumbu tendaji ya kuona: hifadhi ndogo ya vitu vilivyoondoka machoni ilhali kazi inayoendelea bado inavihitaji.

Isichanganywe na mwangwi wa picha unaobaki mara tu kitu kinapotoweka. Mwaka 1960 George Sperling aliwaonyesha watu herufi kwa milisekunde 50 tu. Walipoombwa wataje zote, waliweza nne na kidogo. Lakini mlio ulipowaelekeza kwenye mstari mmoja kati ya mitatu ya herufi nne nne, mara tu herufi zilipozimika, walitaja karibu tatu za mstari huo, mstari wowote ule. Kwa kuwa hawakujua mapema ni mstari upi utakaoulizwa, lazima karibu herufi 9 kati ya 12 zilikuwapo kwa kitambo hicho, zikayeyuka kabla hazijatajwa. Kwa hiyo kuna hatua mbili: ya kwanza ni pana lakini haidumu, ya pili inadumu lakini ni finyu. Tunachopima hapa ni ule ufinyu wa hatua ya pili.

Kwa nini tusihesabu tu majibu sahihi?

Kwa sababu asilimia ya majibu sahihi ni mchanganyiko wa mambo matatu: ulichohifadhi, ulichobahatisha, na tabia yako ya kujibu. Tuseme watu wawili wanaulizwa "kuna kilichobadilika?" na nusu ya raundi zina badiliko kweli. Wa kwanza anagundua mabadiliko mara 75 katika 100, na mahali pasipobadilika kitu anasingizia badiliko mara 25 katika 100. Wa pili ni mwepesi wa kusema ndiyo: anagundua 95 katika 100, anasingizia 45 katika 100. Wote wawili wana asilimia 75 ya majibu sahihi. Je, wana kumbukumbu sawa? Huwezi kujibu mpaka useme jinsi unavyodhani majibu yanazaliwa kichwani, na kauli hiyo ikiandikwa kwa hesabu ndiyo inayoitwa modeli. Hapo chini utaona kwamba modeli moja inasema wako sawa na nyingine inasema hawako.

Jaribio lenyewe linaendaje?

Lililoenea zaidi ni lile la kutambua badiliko. W. A. Phillips alilitumia mwaka 1974 kwa michoro ya vimraba, na mwaka 1997 Steven Luck na Edward Vogel wakalipa sura tunayoijua leo. Vimraba vya rangi vinaonekana kwa milisekunde 100, skrini inabaki tupu kwa milisekunde 900, vimraba vinarudi, nawe unasema kama rangi mojawapo imebadilika. Walitumia kuanzia kitu 1 hadi 12. Hadi vitatu watu walikuwa karibu hawakosei. Kuanzia vinne mteremko ukaanza.

Kuna jambo dogo ambalo wanafunzi hulisahau. Mshiriki akiachwa kimya, atanong'ona moyoni "nyekundu, bluu, njano", na hapo unapima maneno badala ya macho. Ndiyo maana mara nyingi anaombwa arudierudie tarakimu mbili kwa sauti muda wote. Washiriki hawalipendi hata kidogo, lakini linasaidia.

K inapatikanaje?

Chukua dhana rahisi: kati ya vitu N vilivyoonyeshwa, mtu ameshika K, na vingine havipo kabisa kichwani. Uwezekano kwamba kitu kinachoulizwa kimo ni K/N. Kikiwamo, atajibu sawasawa. Kisipokuwamo, anabahatisha "ndiyo" kwa kiwango fulani. Tuite kiwango cha kugundua H na kiwango cha kusingizia F.

Sasa inategemea swali uliloliuliza mwishoni. Kama umerudisha kitu kimoja tu, mtu aliyekishika hawezi kukisingizia, kwa hiyo kusingizia kunatokea pale tu ambapo kitu hakimo. Ukitoa F kutoka H, kubahatisha kunajifuta kwenyewe, na fomula ni ile ya Nelson Cowan (2001):

K = N × (H − F)

Kama umerudisha vitu vyote kwa pamoja bila kuonyesha kimoja, hali ni tofauti. Mtu aliyeshika vitatu kati ya sita akaona vyote vitatu viko vilevile, bado hajui hali ya vile vingine, kwa hiyo anabahatisha katika kila raundi isiyo na badiliko. Fomula ni ya Harold Pashler (1988):

K = N × (H − F) ÷ (1 − F)

Turudi kwa watu wetu wawili, tukichukua N = 6. Kwa Cowan wote wana 6 × 0.50 = 3.0. Kwa Pashler wa kwanza ana 4.0 na wa pili karibu 5.5. Data ni zilezile. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni mtu kuchukua fomula ya kwanza aliyoiona kwenye makala, akaitia kwenye jaribio la aina nyingine. Fomula haichaguliwi kwa urahisi wake, inafuata skrini ya mwisho ya jaribio lako.

Nimeambiwa K yangu ni 2.6. Mtu anashikaje vitu 2.6?

Hashiki. Ni wastani wa raundi nyingi: katika baadhi alishika vitatu, katika nyingine viwili, katika nyingine alikuwa anawaza mambo yake.

K inaweza kuwa hasi?

Kihesabu ndiyo, F ikizidi H. Huenda maana yake ni kwamba mshiriki amebadilisha vitufe viwili vya majibu. Mwulize kabla hujaifuta data yake.

Kwa nini K yangu ni kubwa kwa vitu sita lakini ndogo kwa vitu viwili?

Kwa vitu viwili, K haiwezi kupita 2 hata ukiwa na kumbukumbu ya ajabu. Raundi hizo hazifai kupimia ukubwa wa hifadhi. Zina kazi nyingine, na hiyo ndiyo inayojibu swali linalofuata.

Umakini unaingia wapi katika haya yote?

Unaingia kila mahali, na hapa ndipo ningeomba msomaji apunguze mwendo.

Mtu mwenye uwezo wa vitu vitatu hapaswi kukosea kabisa akionyeshwa viwili. Lakini watu hukosea. Mwaka 2008 Jeffrey Rouder na wenzake waliongeza parameta moja kwenye modeli ya Cowan, tuiite a: uwezekano kwamba katika raundi hiyo mtu alikuwapo kweli, si mwili tu. Akiwa hayupo, anabahatisha kwa vyote. Ukifuata hesabu, kwa jaribio la kitu kimoja, tofauti ya H na F inakuwa a × K/N pale N inapozidi K.

Tazama matokeo yake. Mtu ana uwezo halisi wa 3.5 na anakuwa makini katika asilimia 90 ya raundi. Fomula ya kawaida itampa 3.15. Mwingine ana uwezo uleule wa 3.5 lakini umakini wake ni asilimia 70 tu: atapewa 2.45. Ukisoma namba hizo bila a, utasema wa pili ana kumbukumbu ndogo, kumbe hifadhi zao zinalingana na kilichotofautiana ni kuwapo kwao. Raundi za vitu viwili ndizo zinazokuwezesha kukadiria a, kwa sababu kosa lolote hapo haliwezi kuelezwa na hifadhi kujaa. Mtu anayeziondoa ili kuokoa muda anatupa ushahidi pekee alio nao kuhusu jambo hili.

Umakini una mlango wa pili: kuchuja. Mwaka 2005 Vogel na wenzake waliwapa watu vipande vyekundu vya kukumbuka vikiwa vimechanganyika na vya bluu vya kupuuzwa, huku wakirekodi umeme wa ubongo juu ya kichwa. Kuna wimbi ambalo hukua kadiri idadi ya vitu vilivyoshikwa inavyoongezeka, kisha husimama mtu anapofika kikomo chake. Kwa watu wenye K kubwa, vipande vya bluu karibu havikuongeza kitu kwenye wimbi hilo. Kwa wenye K ndogo, vya bluu viliingia ndani kana kwamba navyo vilihitajika. Yaani mtu anayeonekana na chumba kidogo huenda chumba chake ni cha kutosha, ila bawabu analala.

Ubongo una visanduku vichache, au una maji yanayogawanywa?

Huu ndio ugomvi mkubwa wa uwanja huu, na haujaisha.

Upande wa visanduku unasema: kuna nafasi tatu au nne, kitu ama kimepata nafasi ama kimekosa. Fomula za K zimesimama juu ya dhana hiyo. Upande wa maji unasema: hakuna kikomo cha idadi. Kuna mtungi mmoja unaogawanywa kwa vitu vyote, na vikiwa vingi kila kimoja kinapata kidogo, kwa hiyo kinakumbukwa kwa ukungu zaidi.

Swali la ndiyo au hapana haliwezi kuamua ugomvi huu, maana ukungu na kukosa nafasi, vyote viwili, huleta makosa yaleyale. Ikabidi kubadilisha swali. Patrick Wilken na Wei Ji Ma (2004) waliwaomba watu waonyeshe rangi waliyoikumbuka kwenye duara la rangi. Jibu halikuwa tena sahihi au kosa, bali umbali wa nyuzi kadhaa kutoka rangi ya kweli. Mwaka 2008 Weiwei Zhang na Luck waliupasua mtawanyo wa makosa hayo vipande viwili: mlima uliosimama kwenye jibu sahihi, ukiwa na umbo la von Mises ambalo ni kengele ya kawaida iliyozungushwa kwenye duara, na sakafu tambarare iliyoenea duara zima, inayowakilisha kubahatisha. Upana wa mlima ni ukungu, kimo cha sakafu ni vitu vilivyokosekana. Sakafu ikichukua asilimia 45 ya majibu kwa vitu sita, mtu ameshika 6 × 0.55, yaani 3.3.

Wao waliona mlima unapanuka hadi vitu vitatu, kisha unaacha kupanuka na sakafu inapanda. Wakasema: visanduku. Paul Bays na wenzake wakajibu mwaka 2009 kwamba sehemu ya ile sakafu haitokani na kubahatisha: mtu ametaja rangi sahihi ya kitu jirani, amechanganya mahali tu. Ukiongeza kipande cha tatu cha kuchanganya, sakafu inashuka. Mwaka 2012 Ronald van den Berg na wenzake wakaonyesha kwamba ukiruhusu kiwango cha ukungu kibadilike kutoka kitu hadi kitu na raundi hadi raundi, unapata umbo lilelile bila kuhitaji visanduku. Na mwaka 2020 Mark Schurgin, John Wixted na Timothy Brady wakatoa hoja kwamba tatizo liko kwenye duara lenyewe: rangi zilizo mbali nyuzi 100 na zilizo mbali nyuzi 150 kwa macho ya mtu zote ni "tofauti kabisa". Ukipima kwanza jinsi watu wanavyoona mfanano wa rangi, parameta moja ya nguvu ya kumbukumbu inatosha kueleza mlima na sakafu pamoja.

Maoni yangu, yachukue kwa uzito upendao: hoja ya mwisho ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu inasema kile tulichokiita kubahatisha kwa miaka mingi huenda hakikuwa hali ya pekee, bali mkia mrefu wa kumbukumbu dhaifu. Hata hivyo K haijafa. Kama kipimo cha kulinganisha watu katika jaribio lilelile bado inafanya kazi vizuri. Kosa ni kuisoma kama idadi ya vyumba vilivyojengwa ndani ya fuvu.

TVA ni nini, na inatofautiana vipi na haya?

Ni nadharia ya umakini wa kuona iliyotolewa na Claus Bundesen wa Copenhagen mwaka 1990. Modeli tulizoziona hapo juu huanza baada ya vitu kuingia. TVA inahesabu jinsi vinavyoingia. Inawaza mbio. Vitu vyote kwenye skrini vinakimbilia hifadhi yenye nafasi K, na wanaofika kabla haijajaa na kabla picha haijafutwa ndio wanaokumbukwa. Kasi ya kila mkimbiaji inategemea jinsi anavyoonekana, upendeleo wa mtazamaji, na uzito wake ukigawanywa kwa jumla ya uzito wa wote.

Kwa data za kutaja herufi zilizoonyeshwa kwa muda tofauti unapata:

t0, muda mfupi kabisa ambao chini yake hakuna kinachoonekana;
C, kasi ya jumla, vitu kwa sekunde;
K, nafasi za hifadhi;
w, uzito wa kila mahali kwenye skrini;
α, uwezo wa kupuuza kisichotakiwa.

Mfano wa kupigia hesabu: C = 40, t0 = milisekunde 20, herufi tano zenye uzito sawa, zimeonyeshwa milisekunde 100 kisha zikafunikwa. Kila herufi inapata kasi ya 8 kwa sekunde na muda wa kufaa wa sekunde 0.08. Uwezekano wa kumaliza mbio ni 1 − e^(−0.64), karibu 0.47. Mara tano ni herufi 2.4 hivi, kabla hujahesabu kikomo cha K. Herufi hiyohiyo ikiwa peke yake ina kasi yote 40, na uwezekano wake unaruka hadi 0.96. Tofauti hiyo haina uhusiano wowote na hifadhi, ni ushindani tu. Ndiyo sababu watu wawili wenye K sawa wanaweza kuonekana mbali sana mmoja akiwa na C ndogo.

Nifafanulie α taratibu.

Waswahili husema macho hayana pazia. α inapima pazia. Ni uzito wa kitu cha kupuuzwa ukigawanywa kwa uzito wa kitu kinachotafutwa. Ikiwa 0, pazia limefungwa kabisa. Ikiwa 1, hakuna pazia. Chukua herufi mbili za kutaja na nne za kupuuza, C ikiwa 40. Kwa α = 0 kila herufi inayotakiwa inapata kasi ya 20. Kwa α = 0.5 jumla ya uzito ni 2 + 4 × 0.5 = 4, kwa hiyo kila moja inapata 10. Nusu ya nguvu imekwenda kwa wasioalikwa.

Vipimo hivi vina kazi gani nje ya maabara?

TVA imetumika sana kwa watu waliopata kiharusi. John Duncan na wenzake (1999) waliitumia kwa wagonjwa ambao, baada ya upande wa kulia wa ubongo kuumia, hupuuza vitu vya upande wa kushoto. Ukigawanya uzito wa kushoto kwa jumla ya kushoto na kulia, mtu aliye sawa yuko karibu na 0.5, na anayeegemea kulia anashuka chini ya hapo. Faida ni kutenganisha: mgonjwa anaweza kuwa na mizani iliyopotoka, au kasi iliyoshuka pande zote, au vyote viwili, na kwa jicho la kawaida yote yanafanana.

Raundi ngapi zinatosha?

Piga hesabu mwenyewe kabla hujamwita mtu yeyote. Kwa N = 6, H = 0.75 na F = 0.20, K ya Cowan ni 3.3. Ukiwa na raundi 100 zenye badiliko na 100 zisizo nalo, kosa sanifu la K hiyo ni karibu 0.35. Ukiwa na 25 kwa 25, linakuwa 0.7, yaani mtu wa 3.3 anaweza kutoka na 2.6 au 4.0 kwa bahati tu. Modeli ya mlima na sakafu inahitaji raundi nyingi zaidi, kwa kuwa inakadiria parameta mbili kutoka data hizohizo, na vitu vikiwa vingi zinaanza kubadilishana nafasi: mlima mpana sana na sakafu hutenganishwa kwa shida. Modeli za ngazi za Bayes, ambapo washiriki wote wanakadiriwa kwa pamoja, husaidia watu wenye raundi chache kwa kuwavuta kuelekea kundi. Msaada huo una gharama: anayetofautiana kweli na wenzake naye huvutwa.

Naweza kufanyia kwenye simu au kompyuta ya kawaida?

Kutambua badiliko, ndiyo, kwa uangalifu. TVA ni shida zaidi. Skrini ya hertz 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, kwa hiyo unaweza kupata 33 au 50, lakini 40 huipati hata programu ikikuahidi. Tena kwenye simu hujui mtu ameishika umbali gani wala mwanga wa skrini ukoje. Na kabla ya kutumia rangi, hakikisha mshiriki anazitofautisha. Vinginevyo tumia mielekeo ya mistari.

K ndogo ni dalili ya akili ndogo?

Katika makundi, K na vipimo vya kufikiri huenda pamoja kwa kiasi. Kwa mtu mmoja aliyepimwa mara moja, uhusiano huo hauhukumu kitu: amelala saa ngapi, amechoka kiasi gani, ameelewa maelekezo au la, yote yamo ndani ya namba hiyo. Mazoezi nayo hupandisha alama za jaribio lililofanyiwa mazoezi. Kuvuka kwenda kwenye kazi nyingine ndiko kumekuwa haba.

Niandike nini kwenye ripoti?

Andika skrini ya mwisho ilionyesha kitu kimoja au vyote, fomula uliyotumia, N zote ulizotumia, H na F za kila N kabla ya kuzigeuza kuwa K, na umefanyaje mahali H ilipofika 1 au F ilipofika 0. Marekebisho ya kawaida kwa hali hiyo ni kuongeza 0.5 kwenye idadi ya "ndiyo" na 1 kwenye idadi ya raundi. Ukilinganisha modeli, taja parameta za kila moja na kipimo ulichotumia, AIC au BIC (alama zinazopima modeli inavyolingana na data huku zikiiadhibu kwa kila parameta), kwa sababu BIC huadhibu parameta za ziada kwa ukali zaidi data zinapokuwa nyingi, na vipimo hivyo viwili vinaweza kuchagua washindi tofauti. Weka data ghafi mahali wengine watakapoweza kuzifikia, ili atakayekuja na modeli nyingine aweze kuijaribu juu ya majibu yaleyale.